Tangi Lililohesabiwa kwa Tetemeko la Toronto

Mwaka 2009 nilikuwa mchoraji katika ofisi ndogo ya wahandisi kule Markham. Nasema mchoraji kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Dar es Salaam nilikuwa mhandisi miaka saba, nikikokotoa matangi ya gesi: unene wa chuma, nguvu ya upepo, vishindo vya ardhi. Toronto waliipokea shahada yangu, wakaitazama, wakaniambia nisubiri. Basi nikawa nachora walichokokotoa wengine.

Siku moja msimamizi wangu alinipa kazi ya tangi refu la gesi, la kusimama wima, litakalojengwa karibu na Vancouver. Alinipa na karatasi za hesabu kutoka kwenye kompyuta ili nichukue vipimo. Nilizisoma zote, mazoea ya zamani. Kwenye upepo, mahali paliandikwa Vancouver. Kwenye tetemeko paliandikwa Toronto. Alikuwa amechukua faili la tangi la zamani akabadilisha nusu yake.

Toronto ardhi imetulia. Kule pwani ya magharibi hutikisika, na tangi refu lililojaa hung'ang'ana kuzing'oa bolti zake kwenye zege. Na jirani na tangi lile kulikuwa na nyumba za watu.

Nilimwendea.

"Kompyuta imelipitisha," alisema bila kugeuka.

"Imepitisha ulichoiambia. Umeiambia tangi liko hapa Toronto."

"Kazi yako ni kuchora. Nenda kachore."

Jumamosi nzima nilikaa kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwetu Lawrence Heights, nikarudia hesabu kwa mkono. Binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake, nani amenituma. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimetumwa na nilichosomea. Jibu lilitoka baya kuliko nilivyohofia. Bolti zilikuwa nyembamba mno, na ile sketi, yaani duara la chuma linalolibeba tangi kwa chini, ingejikunja.

Jumatatu nilimpelekea msimamizi nakala za karatasi zangu. Alizitia kwenye droo bila kuzisoma. Alhamisi akanitaka niweke herufi za jina langu kwenye kisanduku cha mchoraji. Nilikataa. Akasema mji umejaa wachoraji wanaokitamani kiti changu. Nikasema wakikalie, mimi siandiki.

Ijumaa alikuja mhandisi mwenye mhuri. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, na bila mhuri wake hakuna mchoro uliotoka pale. Nilimfuata kabla hajavua koti.

"Shikamoo, mzee. Naomba usigonge mhuri kabla hujasoma hizi."

"Marahaba, binti. Hesabu za nani?"

"Zangu."

Alizisoma saa nzima, penseli mkononi. Kisha akaingia kwa msimamizi wangu na kufunga mlango. Mhuri haukugongwa siku ile. Hesabu zilirudiwa, bolti zikanenepeshwa, sketi ikaongezwa unene.

Wiki iliyofuata, kikaoni, msimamizi aliwaeleza wafanyakazi wote jinsi alivyoligundua kosa katika ukaguzi wake wa kawaida. Wakampigia makofi. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai.

Nilimkuta kwenye maegesho.

"Mzee, mbona ulinyamaza?"

"Tangi limepona, binti. Na wewe bado unaihitaji kazi hii."

"Ningeandika jina, kisha lianguke, wangemtafuta nani kwenye mchoro? Mimi. Limepona, sifa ni za msimamizi."

Aliniuliza ombi langu la leseni ya uhandisi limefikia wapi. Nikamwambia linahitaji mhandisi wa kunishuhudia, na msimamizi amenikatalia mara mbili.

"Lete fomu," alisema.

Aliijaza palepale, juu ya boneti ya gari lake, akaandika wazi kwamba hesabu za tangi lile nilizifanya mimi. Nilimshukuru kwa moyo wote, na bado nilikuwa na hasira naye.

Leseni ilichukua miaka miwili zaidi, pamoja na mitihani ya masomo niliyowahi kuwafundisha wahandisi wapya kazini Dar es Salaam. Nilipoipata niliandika barua ya kuacha kazi. Msimamizi alileta keki, akasimama mbele ya watu, akasema tangu siku ya kwanza alijua mimi ni mhandisi. Alinikatia kipande kikubwa. Nilikiacha mezani, nikachukua koti langu.