Kitabu Kilichosimamisha Kahawa ya Tingi

Mwanangu, kwa umri niliofikia nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna kitu cha kunishangaza tena. Niliishia darasa la tano. Nilipakia magunia kwenye mabasi pale Kitai mpaka mabega yakaota sugu, na leo nina mashine tatu za kumenya kahawa na nyumba ya bati la rangi Mbinga mjini. Nikipita, watu wananinyooshea kidole, na mimi hupita polepole ili wanione vizuri. Lakini ipo asubuhi moja, kule Tingi, nilishangaa mpaka nikajicheka mwenyewe. Naikumbuka kama ya jana.

Binti wa kaka yangu, Skolastika, amesomea kompyuta. Nilimwagiza anitengenezee programu: mkulima aweke gunia kwenye mzani, kompyuta isome kilo, itoe risiti. Kompyuta zangu ni za mtumba, kila moja na tabia zake, kwa hiyo Skola huijenga programu palepale kwenye mashine itakakotumika. Kabla ya kujenga, kuna skripti, yaani orodha ndogo ya amri, inayopita kukagua: kifaa hiki kipo? Na hiki je? Mimi niliona ni kupoteza muda. Nikifika kazini huwa siulizi, naamuru.

Sasa nilitaka programu yangu iwe na kitabu cha maelekezo, cha rangi, chenye picha yangu ukurasa wa mbele nimevaa koti. Kukitengeneza kunahitaji kifaa cha ziada ndani ya kompyuta, na si kila kompyuta inacho. Skola akanieleza taratibu, "Baba mdogo, kitabu ni pambo. Kifaa chake kikikosekana, skripti iseme kimekosekana, halafu iendelee."

"Kwangu hakuna kukosekana," nikamjibu. "Andika hivi: kisipopatikana, kazi yote isimame!"

Akaandika. Mtoto ana adabu zake.

Siku ya kufungua kituo cha Tingi walikuja wakulima thelathini na saba na magunia yao ya kahawa mbivu. Kahawa mbivu haina subira. Isipomenywa siku hiyohiyo inachacha, na jasho la mwaka mzima limepotea. Kuimenya bila kuipima haiwezekani, maana ikishachanganyika nani atajua ipi ya nani? Na vitabu vya risiti za mkono nilikuwa nimevichoma moto wiki iliyotangulia, mbele ya watu, kwa mbwembwe. Skola akabonyeza. Maandishi yakashuka: mzani upo, printa ipo, kifaa cha kitabu hakipo, nimesimama. Mtandao wa kukipakua haukuwepo hata kwenye simu moja.

Jua likapanda. Nzi wakaanza kutembelea magunia. Nikasikia wakinong'ona kwamba heri wampelekee mnunuzi wa barabarani anayepima kwa ndoo.

Bibi Ditrika, mwenye magunia mawili, akanisogelea. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Mzani upo?"

"Upo, bibi."

"Mashine ya kumenya?"

"Ipo."

"Kumbe kinakosekana nini?"

"Kitabu chenye picha yangu."

Akanitazama toka kofia mpaka viatu. "Lakini si umesimama hapa mwenyewe? Tumeshakuona!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Bibi hakumaliza. "Tukienda kumchimbia jirani ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, tunaangalia nani kaja na jembe. Mpiga ngoma akija, tunachimba huku tunacheza. Asipokuja, tunasema hajaja, tunachimba. Wewe umezuia majembe kwa kumngoja mpiga ngoma."

Nilicheka mpaka machozi, mwanangu. Skola hakungoja niamuru. Akabadilisha mistari michache, skripti ikasema, "Kitabu hakitatengenezwa," ikaendelea na safari yake. Kabla ya saa saba gunia la mwisho lilikuwa limepimwa na kumenywa.

Basi wewe unayeandika programu, au unayeongoza chochote, nisikilize. Kagua kwanza, usidhani mashine ya mwenzako ina kila kilichomo kwenye yako. Pambo usilipe uwezo wa kusimamisha kazi. Likikosekana usinyamaze, sema wazi. Ila anayejenga programu akiagiza kwa mdomo wake kwamba safari hii anataka kitabu, si kama mimi niliyeamuru kwa kila kompyuta bila kuziangalia, hapo simama umwambie hakiwezekani, usimpe kazi pungufu akidhani imekamilika. Haya yote Skola aliyajua. Mimi nilifundishwa na bibi wa magunia mawili.

Mungu akupe macho ya kuona ulichonacho, na watu wa kukucheka wakati bado unaweza kurekebisha.

Na kwenye ngoro, aliyechelewesha wenzake huwanywesha. Bibi Ditrika akatoa hukumu: soda moja kwa kila mkulima, shilingi mia saba chupa. Nililipa nikicheka, elfu ishirini na tano na mia tisa.