Bibi Jadwiga na Kiti cha Chevelle

Shangazi yangu Loretta anaendesha basi la shule hapa Bay City, Michigan, na ndani ya basi hilo hakuna anayethubutu kutafuna hata bazoka. Ukweli ni kwamba na yeye ana mtu anayemwogopa: mama yake, Bibi Jadwiga, mwenye kimo cha friji dogo na sauti ya honi ya treni. Sote tunaishi nyumba moja.

Babu Casimir alipofariki alimwachia Shangazi gari lake, Chevelle nyekundu ya mwaka 1970. Ukiliwasha, vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Nje liling'aa, lakini ndani lilikuwa msiba mtupu. Babu alikuwa amefunika viti kwa plastiki ngumu tangu siku alipolinunua ili visichafuke, navyo vikaozea humo humo, safi kabisa. Sponji ilikuwa imegeuka unga wa njano. Kwenye kiti cha nyuma panya walikuwa wameacha ghala zima la mbegu za mwaloni.

Shangazi akaapa. Kwenye maonyesho ya magari ya mwezi wa sita, kule kando ya mto, gari la baba yake litasimama, ndani likiwa kama lilivyotoka kiwandani, na kikombe cha gari zuri kuliko yote kwa ndani kitakuja nyumbani. Babu alikitamani kikombe hicho maisha yake yote, akaambulia vyeti vya kushiriki.

Sasa, ngozi ya bandia ikipoa inakuwa ngumu kama samaki mkavu, ukiivuta, inapasuka. Na gereji yetu wakati wa baridi ni jokofu lenye mlango mkubwa. Kwa hiyo kile kiti kirefu cha mbele kilihamia sebuleni, juu ya mbao, mbele ya hita. Shangazi akapiga magoti, kikausha nywele mkono huu, koleo mkono huu, akiivuta ngozi mpya juu ya sponji mpya na kuibana kwa vipete vya waya. Mimi nilikalia ukingo wa ngozi ili isirudi nyuma. Kipete kimoja kiliponyoka, kikaruka, kikatua kwenye supu ya Bibi. Bibi akakitoa, akakilamba, akamrudishia mwanawe.

"Inataka chumvi," akasema.

Kiti kilipokamilika, Bibi akakikalia kidogo tu, kukijaribu. Tukamngoja ainuke. Taarifa ya habari ikaanza, ikaisha.

"Mgongo hauumi," akatangaza.

Basi, ndiyo ikawa imetoka hiyo. Alikula hapo, alisali hapo, alisinzia hapo. Theluji ikayeyuka, majani yakachipua, Bibi yupo tu. Wiki ya maonyesho Shangazi akamfuata na spana.

"Mama, hebu inuka. Ni Jumamosi hii."

"Chukua kiti cha jikoni."

"Mama! Hicho ni kiti cha gari!"

"Kilikuwa. Unajua baba yako alinunua kiti kirefu ili nimkaribie? Halafu akakifunika plastiki! Kila kona nateleza, pwaa, mpaka mlangoni! Kiangazi mapaja yananata kama andazi kwenye sufuria kavu! Nikamwambia, Casimir, mimi humu siingii tena. Na sikuingia. Leo ndiyo nimekipata kiti changu, unataka kuninyang'anya?"

Shangazi akaitupa spana. Akatoka, akajaribu kuliendesha gari mpaka barabarani akiwa amekalia ndoo tupu ya rangi. Ndoo ikapinduka. Akarudi anachechemea.

"Haya, unataka nini?"

"Kiti kikienda, nakwenda nacho."

Nikamwona Shangazi anageukia ukutani haraka. Tangu msiba, usiku na mchana, alichokuwa anatamani kuliko kikombe ni mama yake akubali kupanda gari lile.

Jumamosi Bibi hakutaka kusimama, eti ni mtego. Shangazi, baba yangu na jirani yetu wakambeba na kiti chake mpaka gereji. Mlangoni mwa gari ndipo alipokubali kushuka, mkono mmoja umeshika kiti kama mtu anayechunga mzigo stendi, mpaka Shangazi alipokifunga ndani kwa spana, naye akapanda.

Kule mtoni wenye magari wana desturi yao. Umeng'arisha viti mwaka mzima, basi hakuna anayevikalia. Kila mtu anakunjua kiti cha turubai nyuma ya gari lake na kulilinda.

Bibi akachungulia nje. "Yaani mmeshona viti baridi yote ili mkae kwenye vigoda?" Akavua viatu, akapandisha miguu kwenye dashibodi, akala soseji, akalala.

Jaji akafika, Bwana Eldon, na tochi na kioo kidogo cha kuchungulia uvunguni. "Huyu mama atoke kidogo, nikague kiti."

Kwenye meza ya zawadi, vikombe viling'aa juani. Shangazi akavitazama, akaninong'oneza: "Nikimtoa sasa, hataingia tena."

Kisha akashika kiuno. "Hatoki."

"Dada, siwezi kukipa alama kiti nisichokiona."

"Weka sifuri."

"Kwani huyu bibi ni sehemu ya gari?"

"Alikuja nalo. Yupo tangu sabini, hajabadilishwa hata kitu kimoja."

Kutoka ndani, macho yakiwa bado yamefumbwa, Bibi akasema, "Meno tu."

Bwana Eldon alicheka mpaka tochi ikamtoka mkononi. Lakini jaji ni jaji, sifuri akaiweka. Kikombe kilichukuliwa na daktari wa meno ambaye gari lake lilikuja juu ya lori na kuondoka juu ya lori.

Shangazi hakungoja makofi. Akaingia nyuma ya usukani, mimi nikajirusha nyuma, injini ikanguruma. Bibi akafungua jicho moja.

"Pitia kwa Wanda," akasema. Wanda ni mwanamke aliyemshinda Bibi kwenye mchezo wa bingo Pasaka ya mwaka jana.

"Kufanya nini, Mama?"

"Usisimame. Wewe pita polepole, halafu piga honi."

Shangazi akapiga honi kabla hata hatujatoka kwenye nyasi.