Beki Aliyechanjiana na Winga

Wajukuu zangu wakiniuliza nilipata nini katika mpira, hutaka niwaambie habari za vikombe. Sikupata kikombe. Timu yetu ya Bweranyange haikuwa na kikombe, haikuwa na viatu, na kwa muda mrefu haikuwa hata na mpira. Tulichezea furushi la majani makavu ya migomba lililofungwa kwa kamba za migomba hiyohiyo. Wengine huniambia kwamba michezo ni afya. Labda. Mimi mpira ulinipa kidole cha mguu kilichopinda na maneno mengi ya watu. Kuna kitu kingine ulichonipa, lakini siwezi kukieleza bila kusimulia jinsi nilivyofanya upumbavu mbele ya vijiji vitatu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya dunia. Nilikuwa na umri wa kama miaka ishirini, nikicheza beki wa kulia. Nitajisifu kidogo, maana waliobaki wa kunikanusha ni wachache: nilikuwa beki mzuri. Sikuwa na mbio sana. Nilikuwa na ukaidi. Mtu akinipita mara moja nilinuna mpaka kesho yake, na mama alijua matokeo ya mchezo kwa kunitazama nikila.

Nahodha wetu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kengele ya shule yake. Ndiye aliyetupatia mpira wa kwanza wa ngozi. Ulifungwa kwa kamba upande mmoja, na ukiupiga kichwa kwenye kamba ulirudi nyumbani na alama kwenye paji la uso. Aliupaka samli ili usikauke, akaulaza chumbani kwake, na mkewe aliwahi kulalamika kwa mama kwamba mpira unalala pazuri kuliko yeye. Mwalimu huyo ndiye aliyewaalika watu wa Kaisho waje tushindane nao.

Walikuja kwa miguu. Walianza safari alfajiri, wakafika kwetu alasiri wakiwa wekundu kwa vumbi, wachezaji pamoja na watu wengine wengi waliokuja kutazama tu. Desturi ilikuwa kila mchezaji wa nyumbani amlaze mchezaji mmoja wa wageni. Nahodha aliwagawa haraka haraka, na mimi akanipa winga wao wa kushoto, yaani mtu yule yule niliyetakiwa kumkaba kesho yake. Habari zake zilikuwa zimetutangulia. Wachuuzi wa maharage waliopita kwetu walisema mabeki wa Kigarama walikuwa wakimfuata kwa macho tu.

Nilitegemea kumchukia. Nilimpeleka nyumbani nikiwa nimekunja uso, wala sikumsaidia mzigo. Alipofika uani alipiga goti kwa mama, akasema shikamoo, kisha akamwamkia baba, na kabla hajapewa maji ya kunywa akaona mama anahangaika na mkungu wa ndizi, akauchukua na kuanza kumenya. Alimenya vizuri kuliko mimi. Mama alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Tulikula ndizi na maharage, baba akatoa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na maneno yakaanza kutoka. Yeye alikuwa na kaka mmoja tu, aliyechukuliwa jeshini akafia Burma. Mimi nilikuwa na kaka mmoja tu, naye aliondoka na jeshi hilohilo, na kilichorudi ni barua ambayo mwalimu ndiye aliyetusomea. Baba aliweka kibuyu chini, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Huyu hana kaka. Na wewe huna kaka. Mnangoja nini?"

Kwa asiyejua, kule kwetu watu wawili wasiozaliwa tumbo moja waliweza kuwa ndugu kwa kuchanjiana. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizotazamana. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, anapaka punje yake damu, anampa mwenzake aimeze. Kisha wanaapa: nikikutendea ubaya, tumbo langu livimbe. Tangu hapo mama yake ni mama yako, na hasira zake ni zako. Misheni ilikataza jambo hilo, na baba alikuwa amebatizwa, lakini wembe ulipatikana upesi na mti wa kahawa ulikuwa nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa halijazama. Nilimeza ile punje na nikajisikia, sijui nisemeje, kama mtu aliyekuwa amebeba kuni upande mmoja kwa miaka na ghafla wamempangia mzigo sawasawa. Nililia. Yeye pia alilia, na baba akajifanya anatazama ng'ombe wa jirani.

Hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyefikiria mpira. Baba angalau ana udhuru. Hakuwahi kutazama mchezo hata mmoja maishani mwake, na alidhani ni kitu cha kurushiana. Mimi sina udhuru.

Nilikumbuka asubuhi, nikinawa uso. Nilitakiwa, mbele ya watu wote, kumkanyaga, kumsukuma na kumwangusha mtu ambaye nilikuwa nimeapa kutomgusa kwa ubaya. Nikisema nisicheze, tungekuwa kumi, maana mchezaji wetu wa akiba alikuwa amelala na homa. Na nikimweleza nahodha sababu, habari ingefika misheni kabla ya chakula cha mchana. Nikaamua nitacheza, nami nitacheza kwa hekima. Hekima yenyewe mtaiona.

Uwanja ulikuwa malisho yaliyofyekwa, magoli ya miti ya mikaratusi, mistari ya majivu. Refa alikuwa karani mmoja kutoka Bukoba, amevaa soksi ndefu, akiwa na filimbi shingoni. Watu walikuwa wamejaa pande zote. Sijui kama vijana wa leo wanaelewa maana yake. Wakatoliki walikuwa na siku zao na Waluteri siku zao, wenye ng'ombe na wakulima walikutana kwenye kesi tu, na pale walikuwa wamesimama bega kwa bega wakigombea mahali pa kuona. Baba naye alikuja, kwa sababu ya mtoto wake mpya.

Mara ya kwanza mpira ulipomfikia ndugu yangu, alikuja kwangu moja kwa moja. Nilirudi nyuma. Nikarudi tena. Nikaunyoosha mguu polepole kama ninayepima maji, na yeye akapita, akapiga krosi, golikipa wetu akaidaka. Mara ya pili vilevile. Nahodha akaanza kupiga kelele, "Mkate! Mkate huyo!" Mara ya tatu niliona haya nikamwendea kwa nguvu, na hapo ndipo niliposikia sauti ya baba kutoka pembeni, ikiwa juu kuliko zote.

"Mwache apite! Tumbo lako! Mwache mwenzako apite!"

Nikasimama. Ndugu yangu akapita, akafunga goli.

Watu wa Kaisho walishangilia. Watu wetu hawakunung'unika hata kidogo. Walikuwa wamegeuka wote kumtazama baba. Aliulizwa, naye akajibu, tena kwa kirefu. Basi kuanzia hapo mchezo ulikuwa mmoja uwanjani na kesi ilikuwa nyingine nje ya mstari. Mzee mmoja alisema kumnyang'anya ndugu mpira ni sawa na kumnyang'anya ng'ombe. Mwingine akamkatalia, kwamba mpira si wa ndugu huyu wala yule, ni wa mwalimu, kwa hiyo hakuna anayenyang'anywa. Mwanamke mmoja akauliza kama wakipigana miereka watavimba au hawavimbi. Nilisikia yote hayo nikiwa nakimbia, na natamani ningekuwa kiziwi.

Mapumziko yalipofika tulikuwa tumefungwa hilo goli moja. Wenzangu hawakunipa maji. Kipa wetu aliniambia kwamba Kaisho wameninunua kwa kibuyu cha rubisi, na si yeye peke yake aliyekuwa anafikiri hivyo. Nahodha alikuja akasimama karibu mno.

"Una tumbo la kuogopa kuvimba?" akasema. "Nitalivimbisha mimi mwenyewe, kwa ngumi. Ukimwachia tena, usiniletee uso wako mazoezini mpaka kufa kwako."

Timu ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho kilikuwa changu. Nyumbani nilikuwa mtoto aliyebaki, shambani nilikuwa jembe la baba, lakini Jumamosi nilikuwa beki wa kulia. Na sasa nilikuwa nakwenda kukipoteza, au nimpoteze mtu niliyempata jana.

Kisha nikamwona winga wa Kaisho akivuka uwanja kuja upande wetu, jambo ambalo mtu hafanyi. Wenzangu wakasimama. Aliwapita bila kuwatazama. Alikuwa amekasirika.

"Unanipisha," aliniambia.

"Tumeapa."

"Tuliapa ubaya. Watu wangu wametembea kutwa nzima kuja kuniona nikicheza. Wewe unanipisha kama mzee kikongwe anayepishwa njiani, nao wanacheka. Ubaya gani unaushinda huo?" Akanishika kifua. "Ukinipisha tena, kaka, ndipo utakapovimba."

Akageuka akaenda. Nahodha alikuwa amesikia.

Kipindi cha pili nilimkaba. Sijawahi kumkaba mtu hivyo, kabla wala baadaye. Nilimwangusha, akaniangusha. Nilimkata mpira miguuni mara ngapi sijui, na kila nilipomkata nilisikia furaha na hofu pamoja, nikajigusa tumbo kwa siri. Goti lake lilichubuka, damu ikamtiririka hadi kwenye unyayo, na yeye hakuitazama. Kidole changu kilipindia hapo. Baba aliacha kupiga kelele, kwa sababu wazee walikuwa wamemwamulia kwamba mpira ni wa mwalimu. Sisi tukasawazisha kwa kona. Bwana, zilikuwepo dakika ambazo nilikuwa nakimbia na mtu huyo bega kwa bega, kila mmoja anavuta pumzi ya mwenzake, na nikahisi namjua kuliko ninavyowajua watu niliokua nao.

Karibu na mwisho alipata mpira katikati. Alikuja. Nilisimama vizuri, uzito mbele, macho kwenye mpira kama nahodha alivyotufundisha. Alielekea ndani, nami nikaenda ndani, naye hakuwapo. Alikuwa nje, upande wa majivu, amekwishanipita, nami nimebaki nimekaa kwenye majani. Akafunga. Filimbi ikalia muda si mrefu baadaye. Mbili kwa moja.

Kipa wetu ndiye aliyeanza. "Amemwachia! Mmeona wote, amemwachia!" Wengine wakaitikia. Nilikuwa sina nguvu hata ya kukana. Ndugu yangu akatoka katikati ya watu wake waliokuwa wamembeba juu, akaja akichechemea mpaka mbele ya timu yetu, akapandisha kaptula na kuwaonyesha mguu wake, goti, muundi, na alama za vidole vyangu pajani.

"Anayesema huyu ameniachia," akasema, "aje atazame hapa."

Walitazama. Nahodha aliinama akatazama kwa makini kama anayekagua madaftari. Kisha akaninyanyua kwa mkono, akaniambia mazoezi ni Jumamosi kama kawaida. Kipa alinipa maji, ingawa hakuomba radhi. Misheni walinipa adhabu ya kuchanjiana wiki iliyofuata, nikalima shamba lao, wala sikuona uchungu.

Lakini lilikuwa limebaki jambo moja. Tuliporudi nyumbani mama alichemsha maji ya chumvi, nikakaa namwosha ndugu yangu lile goti. Baba alikuwa ameenda kuwasimulia majirani mchezo ambao nusu yake hakuuelewa. Tulikuwa wawili tu. Ndugu yangu aliinamia beseni la maji.

"Lile la mwisho," akasema, bila kuniangalia. "Niambie kweli. Uliniachia?"

Nilishangaa. Ndiye aliyenitetea mbele ya watu wote, na kumbe yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alikuwa amepandisha kaptula ile akiwa na shaka moyoni, akaniokoa kwanza, akabaki na shaka yake mpaka tuwe peke yetu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Ningebaki beki asiyepitika, mtu aliyemwonea ndugu yake huruma dakika ya mwisho, na yeye angenishukuru. Neno lilifika kwenye ulimi kabisa. Nilimtazama akiwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akingoja, na nikaona kwamba goli lile ndilo kitu chake chote alichokuwa anarudi nacho Kaisho.

"Sikukuachia," nikasema. "Ulinipita. Nilifanya yote ninayoyajua, ukanipita."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hivyo. Akavuta pumzi ndefu, akaachia lile beseni, akaegemea ukuta.

"Basi endelea kuosha," akasema, "panauma."