Maji Aliyooshewa Hidaya

Zaituni alikuwa muosha maiti wa Gitega, na kwa karibu miaka ishirini hakuna mwanamke Mwislamu aliyezikwa mtaani kwao bila kupita mikononi mwake. Alikuwa na masharti yake, na ole wake msaidizi aliyeyavunja. Maji yawe ya uvuguvugu, ayajaribu mwenyewe kwa kiwiko. Vidole vilivyokakamaa vikunjuliwe polepole. "Taratibu, anasikia," aliwaambia wenzake. Alisema hivyo kwa mazoea, kama alivyofundishwa, wala hakuwahi kukaa akajiuliza kama ni kweli.

Aliyemtia wasiwasi ni mpangaji wake Apolline, Mkongo wa Uvira, aliyefundisha falsafa katika lise moja, sekondari ya mjini. Apolline alikuwa na moyo mwema na mdomo usiojua kupumzika. Alasiri moja ya mwaka 2017 walikuwa uani wakichambua maharage, akaanza kumsimulia somo la kesho yake.

"Mama Hidaya, iko filozofe moja kule Ulaya, na bado iko muzima. Anasema kila kitu iko na kusikia kidogo. Hata jiwe. Hata hii haragi."

"Haragi hii?"

"Si kusikia kama yetu, kadogo kabisa. Donc, basi, anauliza: kama vitu vyenye vilitujenga havisikie hata kidogo, kusikia kwetu kulitoka wapi? Ukijumlisha bure na bure, haupate kitu."

Zaituni alicheka, akamwambia shule zimemharibu. Lakini mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Hidaya alikuwa binti yake wa pekee. Alikufa kwa malaria kule Muyinga mwaka 1996, akiwa na miaka tisa. Vita vilikuwa vimefunga njia, kuni hazikupatikana, na wanaume walihimiza mazishi yaishe kabla jua halijazama. Zaituni akamwosha mwanawe kwa maji ya mtungini, baridi ile ya milimani, mbiombio. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba, naye akaufumbua kwa nguvu, kidole kikavunjika. Hakumwambia mtu. Kazi ya kuosha maiti aliianza baadaye, alipohamia Gitega, na upole ule uliosifiwa mtaa mzima chanzo chake ni siku ile.

Tangu alasiri ya maharage hakutulia hata kidogo. Alianza kuweka sufuria chini kama anayelaza mtoto. Alipokata kitunguu alijikuta anakiomba radhi, kisha akajitukana kwa ujinga wake. Wiki ya tatu akafariki mke wa Kassimu, fundi cherehani. Watu wakaja kumwita Zaituni, akasema mikono inamuuma. Wakarudi mara ya pili. Aliwaacha wamesimama mlangoni, akaenda chumbani kwa Apolline, akamweleza yote, mpaka kidole.

"Sasa niambie neno moja tu. Mtoto wangu aliyasikia yale maji?"

Apolline aliona aibu kwa maneno yake ya siku ile. Akamshika mkono.

"Hapana, mama. Ule filozofe hasemi vile. Kila kapunje ka mwili iko na kusikia kake, lakini mutu akishakufa hakuna tena wa kukusanya zile kapunje pamoja. Ni kama lundo la mchanga. Hidaya hakusikia kitu. Pale hapakukuwa mutu."

Alidhani amempa dawa. Lakini Zaituni hakupata nafuu. Wiki tatu nzima aliogopa kwamba alimtesa mwanawe. Sasa aliona lililo baya kuliko hilo.

"Kidole kilipovunjika nilimwomba radhi," alisema. "Niliinama sikioni, nikamwambia, mwanangu, nisamehe. We unaniambia nilikuwa nasema na nani?"

Apolline akazidi kuushikilia mkono ule.

Zaituni akauchomoa mkono wake, akajifunga kitenge vizuri.

"Afadhali nilimwumiza, naye akanisikia," alisema, akatoka kwenda kumwosha mke wa Kassimu.