Kamusi Niliyoikana

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa napara samaki nyuma ya nyumba, hapa Musoma, mwanangu akanijia na daftari lake la Kiingereza. "Mama, withdraw ni nini?" Nikamwambia ni kutoa. Akakataa. "Mwalimu kasema lina maana nyingi." Nikaweka kisu chini. Ndugu yangu, kuna maneno yanaweza kukukalisha kama mgonjwa.

Neno hilo nililisikia kwanza shuleni Kiabakari, nikiwa darasa la sita. Sisi tuliliita "widiroo". Mwalimu wetu wa Kiingereza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, alilisifia kama mtu anavyosifia ng'ombe wake. Jeshi likirudi nyuma, ni hilo. Mgombea akijitoa, ni hilo. Mtu akinyamaza na kujitenga na wenzake, mzazi akimtoa mtoto shule, hilo hilo. Na mtu akifuta kauli aliyokwisha kuisema. "Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote," alisema. Hatukumsikiliza sana. Harufu ya makande ilikuwa inaingia madirishani.

Mwenzangu wa dawati ndiye aliyezishika maana zote siku ileile. Alikuwa yatima, analelewa na bibi yake jirani na kwetu. Tuliongozana kila asubuhi, kidumu cha maji mkono huu na fagio mkono ule, tukitafuna furu wakavu ambao bibi alitugawia sawasawa, kichwa kwa kichwa. "Mkila samaki pamoja, na miiba mle pamoja," alikuwa anasema, nasi tukicheka.

Ijumaa moja mwalimu alimwazima mwenzangu kamusi yake, ya pekee pale shuleni, kwa sharti asimpe mtu. Nilimsumbua njia nzima mpaka akanipa. Kesho yake niliisoma uani, pembeni ya udaga wa mihogo ulioanikwa. Mama akaniita nikachote maji. Niliporudi, mbuzi wetu alikuwa anatafuna taratibu, macho kafumba nusu. Kurasa kama kumi hazipo, na jalada limelowa mate.

Sikumwambia mtu. Jumapili baada ya kanisa nilimrudishia, nimeifunga vizuri kwenye gazeti. Hakuifungua. Aliniamini.

Jumatatu mwalimu aliifungua mbele ya darasa zima, akauliza nani kaichana. Mwenzangu alinitazama tu. Mwalimu akafuata macho yake.

"Wewe uliishika?"

"Hapana, mwalimu. Sijawahi kuishika."

Mwalimu mkuu akaagiza mlezi aje. Bibi miguu ilikuwa haimwezi, kwa hiyo alikuja mjomba wake kutoka kijiji cha Buswahili na baiskeli yake. Mjomba huyo siku nyingi alimtaka mwenzangu akamlelee watoto na kupalilia pamba, bibi akawa anamzuia. Sasa alipata sababu.

"Mtoto asiyetunza kitu cha watu, shule ya nini? Namchukua."

Mwalimu wa Kiingereza alimsihi sana. Mimi nilikuwa mlangoni, nimetumwa kupeleka daftari la mahudhurio. Akanigeukia. "Kama una la kusema, sema sasa hivi. Sitakuchapa."

Nilijua kabisa ananiomba nini, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Mwenzangu aliondoka amekaa nyuma ya baiskeli, sare bado mwilini. Mimi nikafaulu, nikaenda sekondari Bunda. Kila nikirudi likizo, bibi yake aliniita anigawie furu, kichwa kwa kichwa, hadi alipofariki. Nami nilikuwa nakula.

Basi, baada ya lile swali la mwanangu nilikwenda Buswahili. Nikaulizia, nikaelekezwa. Nilimkuta anapukuchua maharage kizingitini, mama mzima, mvi zimeanza. Alinijua kabla sijasalimia. Nikamweleza yote, mpaka mbuzi.

"Mbuzi?" Akacheka kidogo. "Mimi nilikuwaga nafikiri ni mdogo wako."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilidhani utasema mwenyewe. Tulipofika korongoni nilimwomba mjomba tupumzike. Nikasema moyoni labda unakuja, unakimbia." Akapepeta maharage, akapuliza maganda. "Zile kurasa zilikuwa za herufi gani?"

Sikujua. Sikuwahi kuangalia.

"Dada, nisamehe."

"Nimekusikia," akasema, akanisogezea sehemu ya maharage. Tukapukuchua hadi jua likapinda, tukizungumzia watoto na mvua. Aliniambia nyumba ya bibi imeanguka, pale pamelimwa mihogo. Mwalimu alihamishwa zamani, hakuna anayejua aliko. Nikawaza kwamba wote ambao wangepaswa kusikia ukweli wangu wameondoka, wakiamini ule uongo. Aliyebaki ni yeye tu, na yeye hakuwa na haja ya kuambiwa.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Kwetu mgeni huambiwa karibu tena, hata yule uliyemchoka. Hakuniambia. Alinishika mkono, akaushikilia kidogo, kisha akarudi nyumbani kwake kabla gari langu halijaja.