Hatetemeki, Lakini Baridi Anaisikia

Saa moja asubuhi. Shangazi anafunga dirisha, anasugua viganja mpaka vipate moto, ndiyo anaanza kupita kitanda kwa kitanda. Anashika nyayo za huyu, tumbo la yule. Na mikono yenyewe, jamani, ni ya mtu aliyefua mashuka mengi, lakini ukiona inavyogusa!

Hiki ni chumba cha watoto njiti, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, na yeye ni mhudumu wao mwaka wa kumi na moja huu. Jina analo, ila hata daktari anamwita Shangazi.

Kitanda cha tatu anasimama.

"Kofia ya huyu iko wapi?"

"Nimemvua, Shangazi," anajibu baba mtu, muuza nyama mwenye kifua kama mlango. Mkewe kapasuliwa, bado kalazwa wodi ya pili, basi mlezi ndiye yeye. "Hatetemeki huyu. Hana baridi."

Kipimajoto kinasema thelathini na tano na nusu. Nesi anakuja mbio, anamkagua: ugonjwa hana, ni baridi tu. Kumbe ndiyo maana! Siku ya nne mtoto yuko kilo moja na gramu mia sita, maziwa anamaliza, uzito haupandi. Na asipofika kilo moja na mia nane, nyumbani haendi.

"Mtoto mchanga hatetemeki, baba," Shangazi anamwambia. "Ana mafuta ya kahawia, hapa shingoni na katikati ya mabega. Kazi yake ni kuungua tu, yatoe joto."

"Kahawia? Nimekata nyama miaka ishirini. Meupe nayajua, ya manjano nayajua. Kahawia hapana!"

"Ng'ombe wako ni watu wazima!"

Chumba kizima kinacheka.

"Huyu katoka mapema, hayo mafuta hayajajaa. Ukimwacha wazi, maziwa yote yanaishia kwenye kujipasha joto. Ya kunenepea yatoke wapi? Haya, vua shati."

"Hapa? Mbele ya kina mama?"

"Wameshaona makubwa kuliko hayo. Vua!"

Mtoto analazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, shuka juu. Muuza nyama kakauka kama gogo.

"Pumua, baba. Hakuna aliyekukataza."

Kuanzia hapo ni kifuani mchana kutwa. Gramu ishirini, gramu thelathini. Siku ya nane tangu avue shati, mizani inasema kilo moja na mia nane na kumi. Muuza nyama anapiga kelele mpaka watoto sita wanaamka, Shangazi anamfukuza nje, kisha anamfuata huko wakacheke wote.

Shangazi anastaafu mwakani. Anataka kitu kimoja tu: viti vya kuegemea vya kina baba, maana sasa wanakalia ndoo zilizogeuzwa.

"Mkubwa wa hospitali anasema nafasi hakuna," anasema. "Nimepima kwa hatua zangu, vinaingia vitatu. Kesho namleta, apige hatua mwenyewe."