Chiriku wa Bi Mwanaisha na Utitiri wa Kooni

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa pamba, mwanangu, pale Shinyanga mjini, hewa ikiwa imejaa nyuzi nyeupe zilizopeperuka kutoka kwenye malori yaliyokwenda kiwandani. Zilielea polepole, zikatua juu ya mabati, juu ya mipapai, juu ya nywele za wapita njia, hata mji wote ukawa kama umelazwa kwenye usufi. Nilikuwa nimekaa barazani mbele ya cherehani. Ukutani, ndani ya tundu kubwa la waya, chiriku sita walikuwa wamejikunyata, hakuna hata mmoja aliyeimba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa naogopa.

Lakini nimetangulia. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nilitoka kwetu Mhunze kuja mjini kujifunza ushonaji, nikapokewa na Bi Mwanaisha, mjane ambaye babu zake walitoka pwani na misafara ya biashara wakalowea Tabora. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyumba ile ilibaki yeye na chiriku watano, wale ndege wadogo wa manjano unaowaona kwenye nyasi zenye mbegu. Marehemu mumewe ndiye aliyeanza kuwafuga. Kila alfajiri bibi, akimaliza kuswali, aliondoa kitambaa juu ya tundu, na dume mmoja mkubwa, aliyemwita Sultani, alianza kuimba. Mimi niliyezoea kuamshwa na ng'ombe wa baba nilikuwa nalala pale nikisikiliza, sijui kama nimeamka au bado naota. Raha ile sijaipata tena.

Basi, binti yake wa Tabora akajifungua, na bibi akaenda kukaa naye mpaka arobaini ya mtoto. Siku ya kuondoka alinishika mkono.

"Kabula, maji wabadilishie kila siku. Ulezi usiwe na vumbi. Na tafadhali, mwanangu, ndege mgeni asiingie humu mpaka nirudi."

"Sawa, bibi," nikasema. Sikuuliza kwa nini. Kijana husikia maneno, wala hasikii sababu yake.

Hazikupita siku nyingi akaja kijana mmoja mchimbaji kutoka machimbo ya Nyarugusu, yuko safarini kurudi kwao, suruali imechanika gotini mpaka chini. Nilimshonea. Alipoivaa akajikagua, akacheka, kisha akatoa kikapu kidogo alichokifunika kwa kitambaa.

"Dada, sina cha kukupa ila huyu. Kule kambini alikuwa anatuimbia, mpaka tunasahau vumbi la shimoni. Siku hizi amenyamaza. Nadhani ni safari imemchosha."

Ndani alikuwamo chiriku dume, wa manjano kama ganda la limau lililoiva. Nikawaza jinsi Bi Mwanaisha atakavyofurahi akikuta wamekuwa sita. Na tena, wazee si walisema mgeni njoo mwenyeji apone? Nikafungua mlango wa tundu, nikamtia. Siku ileile, mwanangu. Hata usiku mmoja sikumtenga.

Wiki zikapita. Siku moja nikiwa nashona nikasikia sauti ndogo kutoka ukutani: tik, tik, tik. Nikatabasamu. Nikasema, tazama, ndege wameiga cherehani yangu! Nikawaita majirani waje wasikie, nao wakashangaa, wakanisifu. Nilijiona mtu wa ajabu kweli, fundi ambaye hata ndege wanajifunza kwake.

Kisha, asubuhi ile ya nyuzi za pamba, uzi ukakatika, nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. Ule mlio haukunyamaza. Nikasogea karibu. Sultani alikuwa ametunisha manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi juani, mdomo wazi, na mkia wake ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Kila mkia uliposhuka, tik. Alijifuta mdomo kwenye kijiti mara mbili tatu, akameza hewa kama anayekunywa maji. Haukuwa wimbo wala mwigo. Alikuwa anatafuta pumzi.

Hapo ndipo iliponipasa kuuliza. Ofisi ya mifugo ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale. Lakini nikafikiri: mimi, binti wa wafugaji, nisimame kwenye foleni ya watu wenye ng'ombe, nimebeba ndege wa kutoshea kiganjani? Watanicheka. Nikajiambia haya ni mafua tu. Nikawapeleka jikoni karibu na moto wapate joto, nikatia majani ya mwarobaini kwenye makaa, kama bibi yangu mzaa mama alivyotufukizia sisi tukiwa na kifua. Kwa mtu mzima moshi ni moshi. Kwa kifua kidogo kama kile, kilichokwisha kuziba, ni kifo. Jioni nikamkuta jike mmoja mchanga amelala chini ya tundu, miguu juu. Nilimzika nyuma ya nyumba, nikafagia pale, nikapanga kabisa uongo nitakaosema: kwamba alitoroka.

Bi Mwanaisha akarudi siku ya tatu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alisimama mlangoni na buibui lake lenye vumbi la safari, akainamisha kichwa akisikiliza. "Kabula, hawa ndege wana nini?"

Ule uongo niliouandaa, mwanangu, ulinikauka mdomoni. Nikaanguka magotini, nikamweleza yote: mchimbaji, majirani niliowaita, moshi, kaburi.

Hakunipigia kelele. Alimtoa Sultani kwa upole, akalowesha kidole kwa maji, akalaza manyoya ya shingo mpaka ngozi ikaonekana, nyembamba kama karatasi ya kufungia halua. Akamwinua kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama." Nikatazama. Ndani ya koo, mwanga ukipita, niliona vidoa vyeusi, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Kimoja kikasogea.

"Utitiri," akasema. "Si ule wa kuku unaokaa kwenye manyoya. Huu unaishi ndani, njia ya hewa. Ndege mmoja humpa mwenzake kwa kukohoa, kwa kunywa maji pamoja, kwa kulisha watoto. Marehemu alipoteza ndege wengi kwa huu, naye hakuipata dawa." Akanitazama usoni. "Ndege mgeni nakusamehe, ulitaka kunifurahisha. Nakuuliza hili moja: uliona wanashindwa kupumua. Kwa nini hukuuliza mtu?"

"Niliona aibu, bibi."

"Aibu yako au pumzi yao, kipi kizito?"

 

Asubuhi yake tukabeba tundu, yeye upande huu, mimi upande ule, tukaenda kwa bwana mifugo. Alikuwa kwenye josho la kuogeshea ng'ombe siku hiyo, amezungukwa na ng'ombe na wenyewe. Tulipofika kicheko kikapasuka kama nilivyohofia. "Mayu!" mzee mmoja akamwita Bi Mwanaisha, yaani mama, kwa Kisukuma. "Na hao nao wanaogeshwa?" Bibi akamjibu kwa Kisukuma kilekile kwamba wakiogeshwa watazama, na ndiyo maana amewaleta kwa mwenye akili. Wakacheka zaidi, lakini wakatupisha mbele.

Bwana mifugo naye alicheka, mpaka alipoweka sikio lake kwenye waya. Hapo uso ukabadilika. Alisema ipo dawa mpya ya sindano, imeingia juzijuzi, ya minyoo na kupe wa ng'ombe, na inaua na utitiri wa namna hii. "Lakini kipimo cha ng'ombe kitamuua ndege kabla hujafunga mlango," akasema. Nilimwomba atupe kidogo tukatie wenyewe nyumbani. Akakataa katakata. Aliipunguza makali mwenyewe, akahesabu, akahesabu tena, kisha akafunua manyoya ya kisogo cha kila ndege akadondosha tone moja juu ya ngozi. Wote watano, hata yule ambaye hakuwa na mlio wowote. Akatuambia turudi baada ya wiki mbili, maana tone la kwanza halimalizi kazi. Tundu tulioshe kwa maji yanayochemka, tulianike juani, vijiti vya zamani tuvichome.

Ila kabla ya kumtia Sultani alikuwa amesita. "Bibi, huyu amejaa sana. Utitiri ukifia ndani unaweza kuziba njia. Anaweza asifike kesho."

Bi Mwanaisha alimpapasa yule ndege kichwani kwa ncha ya kidole. "Mtie," akasema. "Akifa, afe tukiwa tunamtibu."

Sultani alikufa siku ya pili yake, saa za mchana, ndani ya kiganja cha bibi. Alikaa naye vile kwa muda mrefu, jua likihama taratibu kutoka mkeka hadi ukutani, nami nimeketi karibu nisijue niweke wapi mikono yangu. Mwisho akasema tu, "Nitafutie kitambaa kizuri." Nilikata kipande cha hariri nilichokuwa nimejiwekea kwa ajili ya gauni la sikukuu.

Wale wanne walipona. Baada ya tone la pili mikia ikatulia, midomo ikafungwa, na wa kwanza kuimba alikuwa yule wa Nyarugusu, aliyeleta balaa bila kujua. Bi Mwanaisha alitoka chumbani akiwa bado na tasbihi mkononi, akasimama kumsikiliza. Machozi yalimtoka. Akanivuta nikasimama karibu naye.

Sasa sikia, mwanangu, wewe uliyeanza kufuga. Ndege mgeni mtenge mwezi mzima, hata awe mzuri namna gani. Ukisikia mlio mkavu mahali pa wimbo, ukaona mkia unapanda na pumzi na mdomo uko wazi, usingoje, wala usifukize moshi. Dawa usijipimie, mpe anayejua aipime, na uirudie kama alivyosema ingawa unaona wamepona. Na zaidi ya ndege: mficha maradhi kifo humuumbua. Kicheko cha josho kilinichoma muda wa kuvuka uwanja tu. Jike yule mchanga bado namkumbuka, na mimi sasa ni bibi mwenye mvi.

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikia kilicho kidogo kabla hakijawa kikubwa, akuondolee haya ya kuuliza, na kila chenye pumzi kilicho mikononi mwako kipate nafuu kwa ajili yako. Amina.